Soli juu ya soli: kisa cha jozi moja ya Northampton

Viatu vyenyewe ni vya kahawia iliyokolea, ngozi ya vipele, ncha pana, vizito mkononi, na vimejaa vitundu vya urembo kuanzia puani hadi kisiginoni. Maandishi ya dhahabu kwenye soli ya ndani yamefutika karibu yote, limebaki neno Northampton tu, jina la mji wa Uingereza unaosifika kwa viatu. Vililetwa kwenye meza yetu ya ufundi hapa Leicester na mzee mmoja mzaliwa wa Mombasa, mstaafu wa reli, ambaye siku hizi hutembea mashambani na kikundi cha wastaafu wenzake. Alivinunua kwenye duka la hisani kwa pauni 25. Vipya vya daraja hiyo huuzwa leo kwa zaidi ya pauni 400.

Baada ya shikamoo na marahaba akaviweka mezani, soli juu. "Mwanangu, n'ambia kweli. Vyatengezeka ama nivitupe?"

Swali hilo naulizwa kila wiki na jibu lake huwa la dakika moja. Hili halikuwa la dakika moja. Ndani ya jozi hii kulikuwa na kazi ya watu watatu: kiwanda kilichoishona, mwenyewe wa kwanza aliyeitunza vizuri sana, na fundi wa katikati aliyekaribia kuiua kwa gundi. Nimeona niandike kisa chote, maana watu wengi wananunua viatu hivi kwa sifa ya kudumu bila kujua sifa hiyo imekaa sehemu gani ya kiatu.

Nianze na kilichoonekana. Chini ya kila kiatu palikuwa na nusu-soli ya mpira iliyogandishwa juu ya soli ya ngozi ya asili. Kwenye kiatu cha kulia mpira ulikuwa umeachia ncha, ukipiga makofi kila hatua. Nilipouvuta ukatoka wote kwa urahisi, na chini yake soli ya ngozi ilikuwa nyeusi, laini, imelowa. Nikibonyeza kwa kidole gumba alama inabaki. Maji yalikuwa yameingia kwa pembeni, yakakuta mpira umeziba chini, yakakosa pa kutokea. Ngozi ya soli inavumilia kulowa na kukauka miaka mingi. Kulowa bila kukauka haivumilii.

Hilo lilikuwa baya, ila soli ni kitu cha kubadilishwa. Kilichonifanya nivute taa karibu ni ukingo wa kiatu hicho cha kulia. Tangu ncha hadi usawa wa kidole kidogo, kwa upana wa kama vidole vinne, mshono uliotakiwa kuonekana juu ya ukingo haukuwepo. Aliyebandika mpira ule alisawazisha pembe zake kwa mashine ya kusugulia, na mashine ikala ukingo wa ngozi mpaka ikafikia uzi. Kwa hiyo soli ilikuwa imeshikiliwa na gundi peke yake mahali ambapo kiatu hupigwa zaidi.

Hapa lazima nieleze kiatu cha namna hii kilivyoungwa, la sivyo yanayofuata hayataeleweka. Ngozi ya juu huvutwa juu ya kalibu, yaani umbo gumu la mguu, na kukunjiwa chini. Kuzunguka kingo zake hushonwa ukanda mwembamba wa ngozi, na mshono huo wa kwanza, ambao huuoni, hukamata vitu vitatu kwa pamoja: ngozi ya juu, ukanda, na kigongo kilichosimama chini ya soli ya ndani. Kisha soli ya nje hushonwa kwenye ule ukanda kwa mshono wa pili, huo unaouona ukikitazama kiatu kwa juu. Mishono hiyo miwili haigusani. Soli ikichakaa unakata mshono wa pili, unang'oa, unashona nyingine, na ngozi ya juu wala haijui kuwa kuna kilichotokea. Mashine ya kufanya kazi hii ilitoka Marekani katika miaka ya 1870 na inaitwa kwa jina la Charles Goodyear mdogo, mtoto wa yule Goodyear aliyevumbua njia ya kuimarisha mpira kwa joto. Kabla yake watu walishona ukanda kwa mkono, kwa maharazi, chuma chenye ncha cha kutobolea ngozi, na uzi wa kitani uliopakwa nta, na wapo wanaofanya hivyo hadi leo.

Katikati ya soli ya ndani na ya nje linabaki pengo, nalo hujazwa kizibo kilichosagwa, kitu kile kile kinachofunga chupa za mvinyo. Kadiri unavyovaa ndivyo kizibo kinavyobonyea na kuchukua umbo la unyayo wako. Chini ya upinde wa mguu huwekwa kipande cha chuma au mbao kuzuia kiatu kisijikunje katikati. Kwa hiyo kila kilicho chini ya ngozi ya juu ni spea: soli, kizibo, chuma, kisigino, hata ukanda wenyewe. Kisicho spea ni ngozi ya juu. Ikipasuka pale inapojikunja nyuma ya vidole, hakuna Northampton itakayokusaidia.

Ndiyo maana kabla ya kumjibu Mzee nilipuuza soli kwanza nikakunja kiatu, nikachunguza mikunjo. Hakuna ufa hata mmoja. Yule mwenye viatu wa kwanza, popote alipo, alivilisha mafuta, na kuna uwezekano hakuwahi kuvianika kwenye redieta. Nikamwambia Mzee viatu vyake ni vizima na soli zake zimekufa. Akasema hilo la pili alikuwa akilijua.

Katika kukunja kule ndipo tatizo la tatu lilipojitokeza. Kiatu cha kulia kilipojikunja, upande wa ndani karibu na upinde, ukanda na ngozi ya juu viliachana vikafunua mwanya kama wa sentimita sita. Na kiatu kilikuwa kinalia. Nikakata soli, nikaondoa kizibo kilichobaki, ambacho kilishakuwa vumbi jeusi, nikakuta chuma kimeliwa na kutu na kigongo kimebanduka.

Kigongo ndicho siri ambayo wauzaji hawaitangazi. Mtu akishona kwa mkono huchonga kigongo hicho kwenye soli ya ndani yenyewe, ngozi nene, na kikawa mwili mmoja nayo. Viwandani, kwa karibu viatu vyote vya mashine ya Goodyear, kigongo ni utepe wa turubai uliogandishwa kwa gundi chini ya soli ya ndani. Yaani kiatu kinachosifiwa kwa kutotegemea gundi kina gundi mahali pa msingi kabisa, na mshono wote wa kwanza unaning'inia hapo. Kwa kawaida utepe huo haupati shida, kwa sababu uko ndani na haulowi. Ukifungiwa maji chini ya mpira kwa kipupwe kizima, unabanduka. Wapenzi wa viatu hubishana sana juu ya jambo hili. Mimi msimamo wangu ni kwamba utepe unatosha kabisa kwa mtu anayevaa kiatu jinsi kilivyokusudiwa, ila neno "maisha" kwenye tangazo la kiatu chenye utepe lisomwe kwa jicho moja limefumbwa.

Neno "kwa mkono" nalo lisomwe hivyo hivyo. Ukiingia kiwanda cha Northampton au cha majirani zake Kettering, Rushden au Earls Barton utakuta kiatu kinapita katika hatua zaidi ya mia, wiki kadhaa, na karibu kila hatua ina mashine. Mkono upo: ndio unaochagua sehemu ya ngozi ya kukata ili ukwepe kovu na mishipa, ndio unaoelekeza kiatu chini ya sindano kwa kukadiria kwa jicho, bila kizuizi cha kuongoza. Mkataji mbaya ataweka ngozi ya tumbo, ile inayovutika, puani mwa kiatu, na mashine haitamwambia kitu. Huo ni ufundi halisi na unajifunzwa kwa miaka. Ila si fundi mmoja na maharazi yake, na anayedhani hivyo atavunjika moyo.

Mashine zenyewe, nyingi ni za hapa Leicester. British United Shoe Machinery iliundwa mwaka 1899 na ilikuwa ikikodisha mashine kwa viwanda badala ya kuziuza, ikituma mafundi wake kuzihudumia. Ilianguka mwaka 2000, na wafanyakazi wengi wakapoteza pensheni zao; watu wazima wa mji huu bado wanalizungumza kwa uchungu. Mashine zimebaki zikifanya kazi. Ya kwetu ya kushonea soli ni ya kampuni hiyo, na ikiharibika spea hutafutwa kwenye mashine nyingine zilizokufa.

Kwa nini Northampton? Kulikuwa na ng'ombe, kulikuwa na maji ya mto Nene, na kulikuwa na misitu ya mialoni iliyotoa magome ya kusindikia ngozi. Mwaka 1642 mafundi 13 wa mji huo walipewa oda ya jozi 4,000 za viatu na 600 za buti kwa ajili ya jeshi lililokuwa likielekea Ireland, na kulipwa kwao kukawa kwa shida. Timu ya mpira ya mji huo hadi leo inaitwa the Cobblers, yaani washona viatu. Ngozi iliyosindikwa kwa magome ya mwaloni bado ipo: kiwanda cha familia ya Baker huko Colyton, Devon, huziacha ngozi za soli kwenye mashimo ya magome kwa zaidi ya mwaka. Ni ngozi ngumu, inayokataa kulika, na bei yake ni ya kukufanya uulize mara mbili. Ngozi nyingine nyingi za soli duniani husindikwa kwa dawa inayotokana na magome ya miti ya miwati. Mzee alicheka nilipomwambia, kwa sababu Kenya ilipeleka sana magome na dawa ya miwati Ulaya enzi za ukoloni, na mimi nimetokea upande wa Njombe ambako miwati hiyo ni msitu na kiwanda chake kipo tangu 1949.

Turudi mezani. Njia zilikuwa tatu.

Ya kwanza ni ile ya vibanda vya kona: sugua chini, bandika soli nzima ya mpira kwa gundi kali, paka rangi pembeni. Ingemgharimu Mzee pesa kidogo na viatu vingeng'aa. Vingemfikisha katikati ya msimu wa mvua. Nilimkatalia kabla hajaniomba.

Ya pili ni kuvirudisha kiwandani. Viwanda vingi vya Northampton hupokea viatu vyao wenyewe, huvivalisha tena kalibu ile ile vilivyotengenezewa, na kuvifanyia kazi yote ya chini upya. Kalibu ya asili ina maana kubwa: kiatu kilichokunjamana hurudi umbo lake, jambo ambalo sisi wa mezani tunalikadiria tu. Kama ukingo wote ungekuwa mzima na viatu havijawahi kuguswa na mtu mwingine, ningemwandikia anwani. Lakini kiwanda hukagua kwanza, na kina haki ya kukataa kiatu kilichochezewa. Tena jina la kiwanda lilikuwa limefutika. Nilikuwa na wazo langu kutokana na umbo la ncha, ila wazo si risiti.

Ya tatu ni kuvitengeneza hapa. Nikamtajia bei. Ilizidi mara nne ile aliyonunulia viatu. Akakaa kimya kidogo, akasema, "Haya, fanya. Lakini usinifanyie kwa haya ya mimi mzee wako. Ukiona havifai, n'ambie." Nikamwambia vinafaa.

Kiatu cha kushoto kilikuwa rahisi. Soli yake ilichakaa tu, ukanda mzima, mshono wa kwanza mzima. Nilikata, nikajaza kizibo kipya, nikaweka soli ya kati ya ngozi, juu yake soli ya mpira ya vidutu. Nilitumia Dainite, ambayo hutengenezwa Market Harborough, robo saa kwa treni kutoka hapa. Wapenda ngozi tupu watanung'unika. Viatu vya mjini viwe na soli za ngozi, sawa. Kwa mtu anayevuka malisho ya Leicestershire mwezi wa pili, kwenye udongo wa mfinyanzi unaoteleza, soli ya ngozi ni urembo wa gharama. Na tofauti na ule mpira wa awali, huu umeshonwa, kwa hiyo siku yake ikifika utafumuliwa bila kukwaruza kitu.

Cha kulia kilinikalia. Ukanda wote wa zamani ulitoka, kutoka pembe moja ya kisigino hadi pembe ya pili. Soli ya ndani nilitamani kuichonga kigongo cha ngozi, nikaipima, ikawa nyembamba. Ukichonga humo unaikata. Basi nikakwangua gundi ya zamani yote, nikaacha soli ya ndani ikauke taratibu ikiwa kwenye kalibu ya saizi ya karibu, nikagandisha utepe mpya wa turubai. Gundi ikaachwa ishike kabisa.

Halafu mshono wa kwanza, kwa mkono. Ngozi ya juu tayari ina matundu ya mashine ya awali. Maharazi lazima yapite kwenye matundu yale yale. Ukitoboa mapya kando ya ya zamani, ukingo wa ngozi unakuwa kama wa stempu, na siku moja Mzee atakanyaga jiwe vibaya ngozi ichanike kwenye mstari huo wote. Kwa hiyo unatafuta tundu kwa ncha, unalipapasa, unaingiza, unasukuma hadi kwenye utepe, kisha nyuzi mbili zinapishana humo kutoka pande mbili na kuvutwa kwa nguvu sawa. Sehemu zenye uzima zinakwenda haraka. Pale kwenye ncha, ambapo maji yalikaa, matundu yalikuwa yamevutika na mengine kuungana, na nililazimika kuweka kipande chembamba cha ngozi kwa ndani ili uzi upate pa kukamata.

Ukanda niliotumia ni ule wenye ukuta mdogo unaosimama na kuegemea ngozi ya juu. Viatu vya mashambani huwekewa huo kwa sababu maji huingia zaidi kwenye ungio la ukanda na ngozi kuliko kupitia ngozi yenyewe. Ulimi wa viatu hivi pia umeshonewa mbavuni hadi juu, tope lisipenye kwenye kamba. Vile vitundu vya urembo, husemwa asili yake ni viatu vya watu wa mabwawani Ireland na Uskoti, vilivyotobolewa ili maji yatoke. Vya leo havipenyi hadi ndani, na ni heri, kwa sababu kiatu kimoja hakiwezi kuzuia maji na kuyatoa kwa mlango mmoja.

Baada ya hapo ni chuma kipya, kizibo, soli ya kati, soli ya mpira, mashine, kisigino kwa misumari. Ukanda mpya ulikuwa na rangi mbichi kuliko wa kushoto. Niliupaka rangi mara mbili na bado mtu mwenye jicho atauona. Mzee hakuona, au alinistahi.

Hesabu ya pesa nayo isemwe, kwa kuwa wanaouza viatu hivi huipiga kwa upande wao. Wanasema nunua kimoja cha pauni 400 badala ya vinane vya 50. Hesabu hiyo ni ya kweli kwa mtu mwenye jozi mbili au tatu anazozipokezana, kwa kuwa ngozi iliyovaliwa kutwa inahitaji siku nzima kutoa jasho na unyevu. Mwenye jozi moja ya kila siku atamaliza soli kwa kasi ile ile na kizibo chake hakitakauka kamwe. Ongeza bei ya soli mpya kila baada ya miaka michache, mafuta, brashi, kalibu za mbao za kuhifadhia. Kwa Mzee ilifaa kwa sababu aliingilia kwa pauni 25. Kwa kijana anayeanza kazi ya ghala kwa mshahara wa saa, nisingemshauri akope kwa ajili ya kiatu.

Hata hivyo kuna upande wa pili, nao niliuona kwa Mzee huyo huyo. Alinionyesha pia buti zake za kupandia milima, za bei ya wastani, zilizokaa kabatini miaka kadhaa karibu bila kuvaliwa. Soli zilikuwa zinamomonyoka mkononi mithili ya biskuti. Soli za poliyurethani huvunjwa na unyevu wa hewa wenyewe, zivaliwe au zisivaliwe, na kwa kuwa zimemiminwa moja kwa moja kwenye kiatu hakuna mshono wa kukata wala ukanda wa kushonea. Ngozi ya juu ya buti zile ilikuwa mpya kabisa. Ziliingia kwenye pipa.

Alipokuja kuchukua vya Northampton nilimpa maagizo mafupi. Tope lioshwe kwa brashi na maji siku hiyo hiyo, lisisubiri Jumapili ijayo. Vikilowa, magazeti ndani, vilale ubavu, mbali na redieta. Joto kali hukausha mafuta ya ngozi na kuacha nyufa zisizo na dawa. Mafuta au nta baada ya kukauka, kidogo. Rangi ya viatu isipakwe juu ya uchafu. Na asimruhusu mtu kubandika chochote chini.

Vilirudi baada ya kipupwe kwa ajili ya kipande cha chini cha kisigino cha kulia, kilicholika upande wa nje kwa vile anavyotembea. Nikakunja vyote viwili. Utepe mpya umeshika, hakuna mwanya. Cha kushoto ukanda wake wa asili unaweza kubeba soli nyingine moja, labda mbili, matundu yake hayajachoka sana. Baada ya hapo nacho kitataka kazi aliyofanyiwa mwenzake, na bei yake nilishamtajia Mzee mapema ili asije akashtuka.